Hii rekodi imeharibika, au ndivyo ilivyo?

Swali:

"Shikamoo Ami. Mimi ni msichana wa miaka 19, nipo Chake Chake. Tuna kundi la watu watatu: mimi napiga gitaa la umeme na kuimba, rafiki yangu anapiga besi, na kaka yake dramu. Binamu yangu aliyeko Uingereza amenitumia albamu za muziki anaouita gereji panki, akasema ndizo alizozipenda kuliko zote katika zilizotoka karibuni. Nilipofungua ya kwanza nikadhani spika ya simu yangu imepasuka. Nikaazima simu nyengine, mambo yale yale. Naomba unieleze: rekodi hizi zimeharibika au ndivyo zilivyo? Wewe mwenyewe unazipenda zipi? Na sisi je, tunaweza kurekodi namna hiyo kwenye chumba kilichokuwa duka la baba, tukiwa na ampu mbili ndogo na simu?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Simu yako nzima, na ile uliyoazima nayo nzima. Ulichokisikia ndicho walichotaka ukisikie.

Nitakujibu kwa urefu, maana najua wengi wanaliuliza swali hili kimoyomoyo na kuona haya kulitamka. Kazi yangu ni sauti: harusi, maulidi, taarab, matamasha, na kila anayekuja na wimbo wake mkononi. Mtu wa kazi hii hufundishwa tangu siku ya kwanza kuondoa kelele. Mimi imenichukua miaka kujua kwamba zipo kelele za kuondoa, na zipo ambazo ukiziondoa umeuondoa na wimbo wenyewe.

Kwanza jina. Kwetu ukisema gereji mtu anaona grisi, vipuri na fundi aliyelala chini ya gari. Kwa Wamarekani gereji ni banda la kuwekea gari ubavuni mwa nyumba. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wa skuli waliwaona Beatles na Rolling Stones kwenye televisheni, wakanunua magitaa ya bei nafuu, gari ikatolewa nje na wao wakaingia humo kupiga. Wengi walijua kushika mikao mitatu tu ya vidole. Walirekodi santuri ndogo yenye wimbo upande huu na wimbo upande ule, ikauzwa mjini kwao, kisha ikasahauliwa. Mwaka 1972 Lenny Kaye, mpiga gitaa wa mwimbaji Patti Smith, alikusanya nyimbo 27 za aina hiyo katika santuri mbili zilizotolewa na kampuni ya Elektra kwa jina la Nuggets, na katika maelezo yake akauita muziki ule panki. Tangu hapo kila kizazi kimekuwa kikirudi kuchota kwenye kisima hicho.

Kabla hujasikiliza kitu chochote kipya, tafuta "Louie Louie" ya The Kingsmen. Waliirekodi tarehe 6 Aprili 1963 kwenye studio ndogo ya mji wa Portland, jimbo la Oregon, kwa gharama isiyofika dola mia. Mwimbaji wao, Jack Ely, alikuwa na nyaya za kunyooshea meno mdomoni. Maiki ilikuwa imening'inizwa juu, ikambidi ainue uso na kupaza sauti kuelekea darini ili wenzake wasimfunike. Gitaa lilipomaliza zamu yake, Ely akaanza kuimba kabla ya wakati, akagundua, akanyamaza ghafla. Mpiga dramu akaliziba pengo lile kwa mapigo ya haraka mpaka mwimbaji akarudi mahali pake. Kosa hilo limo kwenye rekodi hadi leo, na mimi kila nikilisikia najihisi nimesimama chumbani pamoja nao. Maneno hayashikiki hata kidogo. FBI, makachero wa serikali ya Marekani, waliuchunguza wimbo huo kwa kushuku una matusi, wakaishia kusema haueleweki.

Sasa sikiliza jambo linalonigusa mimi mtu wa Unguja. Wimbo huo aliutunga Richard Berry katikati ya miaka ya 1950, na ule mdundo unaokwenda na kurudi aliupata kwenye cha-cha-cha ya René Touzet, mpiga piano wa Kuba. Rumba, bolero na cha-cha-cha za Kuba ndizo zilizoingia visiwani kwetu kwa santuri na redio, na zimo ndani ya taarab na kidumbak, ile taarab ndogo ya kuchezwa harusini, mpaka leo. Mpiga dumbak yeyote mzoefu akitajiwa rumba mikono yake inajua pa kwenda. Basi usijione mgeni kabisa mbele ya muziki huu. Maji yake na maji yetu yamepitia mto mmoja.

Turudi kwenye ule mkwaruzo. Uliposema spika imepasuka ulikuwa karibu na ukweli kuliko unavyodhani, kwa sababu ulianza hivyo hivyo. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa karatasi ya spika zake kwa penseli ili gitaa likorome kwenye "Rumble". Wimbo huo hauna neno hata moja, na bado baadhi ya vituo vya redio vya Marekani vilikataa kuupiga. Mwaka 1964, London, Dave Davies wa The Kinks alichukua wembe akaichana karatasi ya spika ya kiampu chake kidogo, na sauti iliyotoka ndiyo unayoisikia kwenye "You Really Got Me". Katikati yao kuna kisa cha Nashville ambacho mafundi tunakipenda. Wakirekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, njia moja ya miksa, meza ya kuchanganyia sauti, iliharibika wakati Grady Martin anapiga gitaa la besi, sauti ikatoka kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Wakaiacha. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kuitengeneza hitilafu ile kwa makusudi, na mwaka 1962 kikatoka kijisanduku cha kukanyaga kwa mguu, Maestro FZ-1. Hicho ndicho kizazi cha kwanza cha vifaa vyote tunavyoviita fazi.

Kinachotokea ndani yake si uchawi. Sauti ya gitaa ni wimbi linalopanda na kushuka taratibu. Ukilisukuma kwenye transista, kile kidude cha kukuza sauti, kupita uwezo wake, vichwa vya wimbi vinakatwa na kubaki bapa, mfano wa paa la zege. Kule kukatwa huzaa sauti nyengine juu ya ile ya asili, zenye masafa mara tatu, mara tano, mara saba yake. Ndiyo maana noti moja inasikika kama noti kadhaa zinazogombania mlango. Na ndiyo maana ukishika mkao mzima wa nyuzi sita huku fazi imekolea unapata uji. Shika nyuzi mbili tu, noti ya chini na noti ya tano ya ngazi yake, utaona sauti inasimama wima.

Nikwambie na kilichonifunza mimi, maana haya ya Portland na Nashville niliyasoma na kuyasikiliza baadaye.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii niliitwa kurekodi kidumbak kwenye harusi upande wa Ng'ambo. Walikuwa wachache: fidla moja, vidumbak viwili vya udongo, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, cherewa za vifuu vya nazi vyenye mbegu ndani, na sanduku. Wewe wa Pemba unalijua sanduku, lakini kwa wasiolijua: ni sanduku la mbao lililokuja na majani ya chai, limegeuzwa kifudifudi, lina uzi mmoja uliofungwa kwenye fimbo. Mpigaji anaivuta na kuilegeza fimbo, uzi unakaza na kulegea, na hiyo ndiyo besi ya kundi zima. Kabla ya kuanza walipasha ngozi za vidumbak kwa gazeti linalowaka, wakigonga kwa ncha ya kidole na kutega sikio, wakapasha tena, mpaka zikalia walivyotaka. Kisha wakapiga zaidi ya saa nzima bila kusimama, wimbo unaingia ndani ya wimbo, wanawake wanaitikia, vigelegele vinakata juu ya fidla. Lile sanduku lilikuwa linatetema, ubao mmoja umelegea misumari, na kila noti inatoka na mvumo wake nyuma.

Nikaichukua rekodi nyumbani nikakaa nayo siku tatu kwenye kompyuta. Nikaondoa mvumo wa ubao. Nikapunguza vigelegele. Nikasawazisha fidla pale ilipopanda, nikasogeza mapigo yaliyochelewa. Nikawapelekea nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri. Mzee wa sanduku alisikiliza kimya mpaka mwisho, mikono magotini, akaniuliza swali moja: "Watu wamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi kwenye rekodi ya asili na kuisikiliza upya nikaelewa kwamba ule mvumo niliouona kasoro ndio uliokuwa unaijulisha miguu ya wachezaji wakati wa kushuka. Rekodi niliyowapa mwisho ni ile ya usiku wenyewe. Nilichokifanya ni kukata mwanzo na mwisho na kupunguza ngurumo ya jenereta, basi.

Kidumbak kilizitwaa nyimbo za vikundi vikubwa, vyenye safu ya fidla, qanun, udi na akodiani, vya namna ya Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 au Culture Musical Club ya 1958, kikazipiga kwa watu watano, kwa kasi, kwa maneno ya moto zaidi, ili watu wainuke kwenye mikeka. Vijana wa gereji walizifanyia hivyo hivyo nyimbo za makundi makubwa ya Uingereza. Nakuomba uzisikilize rekodi za binamu yako kwa sikio hilo: usitafute kilicho safi, tafuta mahali ambapo mguu wako unashikwa.

Sasa ninazozipenda mimi. Nitachukua za mwaka 2024 na 2025.

Ya kwanza moyoni mwangu haikutoka Marekani wala Ulaya. Ni Sogolo ya WITCH, kundi la Zambia, iliyotoka 2025. Neno hilo maana yake ni wakati ujao, mambo ya mbele. Wako watakaosema WITCH si gereji panki, na kwa jina wanasema kweli. Muziki wao unaitwa Zamrock. Lakini ukiwasikiliza utawakuta vijana wale wale, wenye fazi ile ile na njaa ile ile, isipokuwa banda lao lilikuwa kwenye migodi ya shaba. Mwimbaji wao ni Emmanuel Chanda, ambaye mashabiki walimwita Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Albamu yao Introduction ya 1972 huhesabiwa kuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za roki ya Zambia, na Lazy Bones!! ya 1975 ndiyo ningekutaka uisikilize usiku, taa zimezimwa. Wakati huo Rais Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Wazambia, na vijana wakajibu kwa kuwasha ampu. Kisha bei ya shaba ikaanguka, nchi ikaelemewa, na ukimwi ukawachukua wenzake Jagari wa kundi la mwanzo. Yeye alifundisha muziki, akaingia machimboni kutafuta vito. Santuri zao zilipochapishwa upya dunia ikawagundua, na mwaka 2023 ikatoka Zango, albamu yao ya kwanza baada ya karibu miaka 40.

Sogolo ndiyo iliyofuata. Jagari amevuka miaka 70, pembeni yake Patrick Mwondela kwenye kinanda, aliyekuwemo kundini miaka ya 1980, na wanamuziki wadogo kwao sana kwa umri. Fazi haijapoa. Ninachokipenda ni kwamba hawakuigiza ujana. Sauti ya Jagari ina mikwaruzo ya umri na wameiacha mbele kabisa, bila kuipaka kitu. Na fikiri ilivyo karibu nasi: reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, ilijengwa miaka hiyo hiyo kuiteremsha shaba yao mpaka bandarini, kuvuka maji tu kutoka hapa ninapoandika. Binamu yako kama hakukutumia hiyo, mtumie wewe.

Ya pili ni Cartoon Darkness ya Amyl and the Sniffers wa Melbourne, Australia, ya tarehe 25 Oktoba 2024. Nakuonya mapema kwamba lugha yake ni kali, baadhi ya nyimbo usizifungue ukumbini mbele ya wazee. Ninayo sababu ya fundi ya kukutajia. Mwaka 2016 kundi hili lilitunga, likarekodi na kutoa nyimbo zake nne za kwanza ndani ya saa 12, nyumbani. Albamu hii mpya wameirekodi Los Angeles kwenye studio ya Foo Fighters, kwenye miksa ile ile iliyorekodi Nevermind, albamu ya kundi la Nirvana, na mtayarishaji Nick Launay. Yaani wametoka kwenye kitu cha chini kabisa hadi kitu ambacho mafundi wengi tutakufa hatujakigusa. Weka rekodi hizo mbili pamoja uzisikilize. Besi ya sasa ina tumbo, dramu zina chumba, unasikia upana. Lakini Amy Taylor, mwimbaji wao, anaimba vile vile, pumzi yake inakatika pale pale inapokatika, na hakuna aliyemwambia arudie ili isikike vizuri. Hapo ndipo unapoona kwamba ukali haukuwa umaskini wa vifaa. Walipopata vifaa waliuchukua ukali wao wakaenda nao.

Jack White wa Detroit alikuwa fundi wa kushona makochi kabla ya muziki kumtoa. Mwaka 2002 yeye na Meg White, wakiwa The White Stripes, walikwenda London kurekodi Elephant kwenye studio ya Toe Rag kwa mashine ya tepu ya njia nane, bila kompyuta yoyote. Tarehe 19 Julai 2024 watu walionunua chochote kwenye maduka yake ya Detroit, Nashville na London walikuta ndani ya mfuko wao santuri ya ziada, jalada jeupe, haina jina la mwimbaji. Waliofika nyumbani na kuiweka wakasikia albamu yake mpya nzima. Duka lenyewe likawaambia watu wainakili na kugawiana, na Agosti ikatoka rasmi kwa jina la No Name. Ni bluzi iliyopigwa kwa hasira na furaha pamoja. Gitaa lake liko juu mno kwa kipimo cha kawaida, na nikipewa mimi kulishusha nisingelishusha.

Lambrini Girls wa Brighton, Uingereza, wametoa Who Let the Dogs Out Januari 2025. Lugha yao nayo ni ya kuvaa hedifoni. Ninyi watatu msikilize besi tu: Lilly Macieira anaipitisha kwenye mkwaruzo hivyo inashika nafasi ya gitaa la pili, na Phoebe Lunny anaweza kuacha kupiga ili aimbe bila wimbo kuanguka. Kwa mtu kama wewe unayepiga na kuimba, hilo ni somo zima. The Hives wa Fagersta, Sweden, nao walitoa albamu Agosti 2025. Wamekuwa pamoja tangu 1993, na wanafurahisha kama kawaida yao. Ukitaka kujua wimbo wa dakika mbili na nusu unajengwaje, hao ni walimu.

Ziko nyingi mpya nisizozipenda, na nitakwambia kwa nini, kwa sababu kwenye orodha ya binamu yako sikosi kukuta mojawapo. Wamerekodi kila ala peke yake kwenye kompyuta, wakayanyoosha mapigo yote kwa mstari, wakaikata sauti ya mwimbaji vipande na kuiunga, kisha wakamwaga programu ya mkwaruzo juu yake. Utaitambua kwa jambo moja: mwimbaji akipaza sauti, hakuna kingine chumbani kinachobadilika. Kwenye rekodi ya kweli, akipaza sauti mpiga dramu naye hugonga kwa nguvu zaidi, maana amemsikia.

Tuje Chake Chake sasa.

Chumba cha duka kinafaa. Rafu kama bado zipo ukutani msizing'oe, wala msiondoe makopo na maboksi yaliyomo; vitu vya maumbo mbalimbali vinaitawanya sauti isigonge ukuta na kurudi kama risasi. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio wa haraka haraka, kama ndege anayepiga mbawa, kuta mbili tupu zinatupiana sauti. Simamisha godoro la usufi kwenye moja ya kuta hizo, nyuma ya dramu. Trei za mayai usihangaike nazo. Nimeziona zimebandikwa studio nyingi Unguja na zinachokifanya ni kufifisha mlio mwembamba wa juu na kuiacha ngurumo ya chini kama ilivyo, na jirani anakusikia vile vile. Husimuliwa kwamba The Sonics wa Tacoma, jimbo la Washington, wababe wa muziki huu katika miaka ya 1960, walizing'oa trei zilizobandikwa ukutani studio ili chumba kilie zaidi. Hao dramu zao walizirekodi kwa maiki moja.

Ninyi mna simu moja, na hiyo inatosha. Mtu mwenye maiki moja hana vitufe vya kusawazisha. Anachonacho ni umbali. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na chumbani inashuka kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo mnasawazisha kwa miguu. Fanyeni kama Portland: simu itundikeni kwa kamba katikati ya chumba, juu kidogo ya kichwa chako, tundu la maiki likitazama chini. Wewe unayeimba simama chini yake, uso juu. Dramu ziwe mbali kuliko vyote, hatua nne au tano. Ampu zote mbili ziweke juu ya viti, zisikae sakafuni, maana sakafu ya saruji itaivimbisha besi. Pigeni nusu dakika, sikilizeni, asiyesikika asogee. Asipandishe sauti, asogee.

Sauti ya ampu iwe ndogo na mkwaruzo uwe mwingi. Kitufe cha kukoleza (gain) kipandishe, cha sauti ya mwisho (volume) kishushe. Watu huchanganya mambo haya mawili. Mkwaruzo unaoutaka ni ule unaozaliwa ndani ya ampu au fazi. Sauti ikiizidi nguvu simu yenyewe inakatika pia, lakini kukatika kwa kidijitali kunakwaruza sikio bila kuongeza utamu wowote, na hakuna fundi atakayeweza kukutolea. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho ya sauti ya kujiendesha, yale yanayopandisha ukinyamaza na kukandamiza ukipiga. Yanaua muziki huu kuliko kitu chochote. Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, na mapigo makubwa kabisa yaishie karibu na desibeli 6 chini ya kikomo, yasifike kwenye nyekundu.

Zima mtandao wa simu zote chumbani, si ya kurekodi peke yake, kwani ampu zinadaka ule mlio wa ti-ti-ti kabla simu haijaita. Friji ya jirani mwombe kwa adabu aizime kwa nusu saa. Chagua wakati baina ya Adhuhuri na Alasiri, ili msivunje sala ya mtu na adhana isiwakatize katikati ya wimbo mzuri. Mvua ikianza juu ya bati, acheni mpaka ipite. Ukisikia ampu inavuma ngurumo nzito isiyokoma, badilisha soketi au zungusha gitaa upande mwengine, na mtu akikushauri ukate pini ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini, ili ivume kidogo, mkatalie. Umelishika gitaa la nyuzi za chuma mkononi na mdomo uko karibu na kifaa kingine cha umeme; hapo hapana mchezo. Nyuzi zenyewe zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, hewa yetu ya chumvi haizioni huruma.

Kila wimbo pigeni mara tano, wote pamoja, wewe ukiimba hapo hapo, bila kuunganisha vipande. Kisha tokeni nje, kaeni kidogo, mle kitu, mrudi mzisikilize mfululizo. Msichague ile isiyo na kosa. Chagueni ile ambayo ikiisha mmoja wenu atasema irudie.

Zote tano nitumie mimi vile vile zilivyo, usizisafishe wala usikate mwanzo. Nataka nisikie na pale mnapohesabu moja, mbili, tatu. Andika kando ya kila moja simu ilikuwa hatua ngapi kutoka kwenye dramu, na ampu ya nani ilikuwa upande gani. Mpe salamu zangu baba, umwambie zile rafu asiziuze bado.